Ukubwa wa Kichwa

Kampeni za 2022, mgombea mmoja wa MCA hapa Masalani aliniomba nimtengenezee bango kwa simu yangu. "Nifanye kama wale Avengers," akasema. Nikamweka katikati, mawingu meusi nyuma, radi mkononi, na wapiga kura chini yake wadogo kama siafu. Alifurahi kweli. Alinilipa nusu.

Tangu siku hiyo siwezi kuangalia bango la filamu ya shujaa kwa amani. Kila mtu analalamika kwamba siku hizi yote yanafanana: vichwa vimerundikana, moto, vumbi, kwisha. Eti kompyuta imeua sanaa. Mimi nakataa. Kompyuta inakata na kubandika tu. Anayeamua kichwa cha nani kiwe kikubwa ni mtu, na anaamua kwa kukisia nani atatoa pesa.

Tuanze na Superman ya 1978. Bango lake liliahidi kitu kimoja: utaamini kwamba mtu anaweza kuruka. Wakati huo kumrusha mtu kwenye filamu kulikuwa na kazi, mambo ya waya na projekta, kwa hiyo mbinu yenyewe ndiyo iliyouzwa. Leo nani anashangaa mtu akipaa? Hata simu yangu inaweza kumpaisha mjomba juu ya Mto Tana. Mbinu ikishazoeleka, kinachobaki kuuzwa ni nyuso. Na hapo swali linageuka: uso wa nani unahesabiwa?

Bango la Avengers: Endgame la 2019 lilijibu vibaya. Danai Gurira, mwigizaji aliyekulia Zimbabwe, sura yake ilikuwepo, lakini jina lake halikuwa juu pamoja na ya wenzake. Mashabiki wakapiga kelele mtandaoni, studio ikatoa bango jipya lenye jina lake. Na hii ni mwaka mmoja tu baada ya Black Panther, ambayo yeye mwenyewe aliigiza, kuingiza zaidi ya dola bilioni 1! Usiniambie basi ni mashine. Mashine haisahau mtu.

Sasa njoo kwetu. Filamu hizi tunazipata kwa flashi, na bango lenyewe tunaliona likiwa dogo kama ukucha kwenye skrini ya simu. Hakuna studio inayotuhesabu, na tuseme ukweli, sisi pia hatuilipi. Sawa. Kutochorwa na wao hakuniumi sana. Kinachoniuma ni kwamba chombo kilekile kimefika mikononi mwetu, tukakitumia kujichora siafu chini ya miguu ya mheshimiwa. Na mimi ndiye niliyechora.

Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya 2018, ilishatuonyesha njia nyingine: shujaa ni msichana mgonjwa, na kijiji kizima kinashirikiana ili awe shujaa kwenye filamu yake. Kijiji hapo si pambo la kujaza nafasi chini. Bila kijiji hakuna shujaa.

2027 si mbali. Mheshimiwa atanipigia tena, namjua. Safari hii watu wa chini watakuwa na nyuso, na vichwa vyao vitalingana na chake. Akikataa, atafute fundi mwingine. Na akitaka radi mkononi, alipe kwanza ile nusu.