Burse ya mtoto inaanzia kwa cheti cha kuzaliwa

Matokeo ya exetat yakitoka, kwenye kariere za Ubundu watu wanaimba, wanapakana poda, jirani anachinja kuku. Kisha wiki mbili, kimya. Mtoto ameshinda, lakini nani atamulipia masomo Kisangani?

Wazee waliosoma wakati wa UNAZA, tangu 1971 mpaka 1981, wangali wanakumbuka burse ya Serikali. Leo ni mzazi ndiye analipa minervali ya iniversite, nyumba na chakula. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi tu. Burse zinazobaki ni chache: zile ambazo nchi kama Maroko, Algeria, Urusi na China zinapatia watoto wa Kongo, na Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, yenye kutafuta waliopata pointi za juu sana kwa exetat. Hii ya mwisho si mfuko wa Serikali, hata kama wengi wanasema hivyo.

Ni chache, ndiyo. Lakini tunaona watoto wa wachimbaji wanakosa hata kuziomba, na mara nyingi si juu ya pointi. Ni juu ya karatasi.

Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaomba mzazi aandikishe mtoto kwa état civil katika siku 90 kisha kuzaliwa, bila kulipa. Siku zikipita, lazima hukumu ya tribinali, ile wanaita jugement supplétif. Hapo feza inaanza kutoka: safari, karatasi, kulala mjini. Na maisha ya kariere tunayajua. Shimo ikikauka hapa, familia inabeba sufuria na matela, inaenda kule. Mtoto anazaliwa kambini, mama anabaki na kadi ya kupimia mtoto tu, mvua inailowanisha. Shule ya kwanza inaandika jina moja, ya pili inaandika lingine, diploma inatoka na tarehe ya tatu. Miaka kumi na minane kisha, dosie inarudishwa, na hakuna mtu anaeleza sababu.

Si kwetu peke yake. Tanzania, ambako Bodi ya Mikopo inakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, mwombaji anaulizwa pia cheti cha kuzaliwa, tena kilichohakikishwa.

Kwa hiyo, ndugu wachimbaji, siku shimo inatoa, mbele ya kununua kasiye ya bia, mtume watoto wote kwa état civil pamoja na mama yao, hata yule wa darasa la kwanza. Jina la cheti na jina la buletini mulinganishe herufi kwa herufi. Kosa la shule ya msingi linarekebishwa kwa urahisi kuliko kosa la diploma. Na mtu akipiga simu kwamba anauza nafasi ya burse, utume franga kwa namba yake, mufunge simu. Burse haiuzwi.

Lakini tusibebeshe mzazi mzigo wote. Toka Kisangani mpaka Ubundu ni kilometa 125 za reli, na treni haiji kila siku. Barabara, wenye moto wanaijua. Tangazo la burse linabandikwa mjini ao linatembea kwa WhatsApp, na siku za kuweka dosie ni kidogo. Habari ikifika kambini, mlango umekwisha kufungwa. Maajenti wanajua njia ya kariere siku ya kukusanya taksi. Wafuate njia ile ile na rejista ya état civil.

Tuongeze neno moja juu ya madini yenyewe. Code minier ya 2018 inapatia sekta ao chefferie asilimia 15 ya redevance, pale kampuni yenye permis inachimba. Dhahabu ya mchimbaji wa mkono inaondoka ndani ya mfuko wa mnunuzi, haiachi burse nyuma. Ndiyo maana tangazo lile la mjini ni karibu mlango mmoja tu watoto wetu wako nao.

Bwana administrateur wa teritware, tunakuuliza: tangazo la mwaka huu litabandikwa wapi Ubundu, siku gani, na nani atalisoma kwa Kiswahili kwenye kambi?