Ganzi ya miguu: Pima sukari kabla ya kununua vitamini

Mwezi wa Julai, baridi inaposhuka kutoka Milima ya Ngong, watu wengi hapa Kiserian hukaa karibu na jiko la makaa jioni. Ni katika msimu huo ambapo mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi, aliingia katika kliniki yangu akichechemea. Wayo wake wa kulia ulikuwa umeungua vibaya.

"Daktari, nilikuwa naota moto tu," akaniambia. "Harufu ya soksi ndiyo iliyonijulisha kwamba naungua."

Mzee huyo alikuwa amesumbuliwa na ganzi kwa karibu miaka miwili. Ilianza katika vidole vya miguu, kana kwamba siafu wanatembea ndani ya ngozi, kisha ikapanda hadi vifundoni. Alikwenda katika duka moja la dawa akaambiwa kwamba mishipa yake imekosa nguvu. Alidungwa sindano kumi za vitamini na kuuziwa vidonge juu yake. Katika muda huo wote hakuna aliyemtoboa kidole ili kumpima sukari. Nilipompima, sukari yake ilikuwa milimoli 19 kwa lita ya damu. Ikifika 11 tu, kwa mtu mwenye dalili, tayari tunazungumza juu ya kisukari.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kisa hiki si cha ajabu. Ganzi imegeuzwa kuwa biashara ya vitamini. Wala wauzaji wa dawa si wa kulaumiwa peke yao. Sisi madaktari pia huandika vitamini kwa haraka, kwa sababu mgonjwa ameiomba na foleni ni ndefu.

Ukweli ni kwamba ganzi ni dalili, si ugonjwa. Mishipa ya fahamu ndiyo hupeleka habari kutoka ngozini hadi kwenye ubongo. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huiharibu, na aghalabu huanza na ile mirefu zaidi, yaani ya miguu. Pombe nyingi huiharibu pia. Vitamini haiwezi kuondoa sukari wala pombe katika damu.

Sisemi kwamba vitamini hazina kazi. Anayetibiwa kifua kikuu humeza isoniazidi, dawa ambayo huupunguzia mwili vitamini B6. Ndiyo maana huongezewa B6, kwa kawaida kati ya miligramu 10 na 25 kwa siku, ili mishipa isidhurike. Ukiwa unatumia dawa hizo na miguu ianze kuwaka moto, mwambie mhudumu wa kliniki yako, lakini usiache dawa.

Vivyo hivyo, mgonjwa wa kisukari aliyemeza metiformini kwa miaka mingi huweza kupungukiwa na vitamini B12. Asiyekula kabisa nyama, maziwa wala mayai yumo katika hatari hiyo hiyo. Watu kama hao hufaidika sana na B12, na wakichelewa, madhara mengine huwa ya kudumu. Hapa vitamini ni dawa kamili, kwa kuwa inajaza pengo linalojulikana.

Hatari iko katika kumeza bila kujua pengo liko wapi. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1.3 hadi 1.7 za B6 kwa siku, ilhali baadhi ya vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vina miligramu 100 au hata 200 kila kimoja. Mwaka wa 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliomeza B6 kwa wingi, gramu 2 hadi 6 kila siku, wakapata ganzi na kushindwa kutembea sawasawa. Baadaye ilijulikana kwamba hata kiasi kidogo kuliko hicho, kikitumiwa kwa miezi mingi, huweza kudhuru. Basi mtu huweza kununua ganzi akidhani ananunua tiba yake.

Ziko pia dawa za maumivu ya mishipa, kama amitiriputilini na gabapentini. Hizi hutuliza moto na kudungwadungwa ili mgonjwa alale, lakini haziponyi mshipa wala hazirudishi hisia zilizopotea. Huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hivyo dereva wa matatu asiazime kidonge cha jirani.

Rai yangu ni moja. Mtu yeyote anayelalamika ganzi ya miguu asidungwe vitamini kabla ya kupimwa sukari na kuulizwa ni dawa gani anazotumia. Kipimo hicho ni tone moja la damu na dakika moja. Ukienda dukani, kidai. Ukikosa, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya.

Ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, huo huenda ukawa ni kiharusi. Kimbia hospitali. Fanya hivyo pia miguu ikilegea na mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe.

Na kama miguu yako tayari ina ganzi, iangalie kila usiku, hata katikati ya vidole. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Pima joto la maji kwa kiwiko, na ukae mbali na jiko. Mzee wetu alipona baada ya wiki nyingi za kufungwa kidonda, na sukari yake sasa imeshuka. Hisia za wayo wake hazijarudi, lakini mguu anao.