Mgonjwa Asigeuzwe Mtuhumiwa

Ipo sheria ambayo wengi wetu hapa Bomani hatuifahamu mpaka siku inapoigusa nyumba yetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa jirani zetu mambo yamebadilika. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kilichoruhusu kifungo cha hadi miaka miwili kwa kosa hilo, kinapingana na Katiba. Vifungu hivyo viwili ni urithi wa utawala wa Kiingereza, na Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo mwaka 1961. Hivyo ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja akiishi Isebania na mwingine Sirari, wanaweza kupatwa na dhiki ileile, na wa upande wetu akahesabiwa mhalifu.

Uhai ni zawadi ya Mungu, na fundisho hilo halitabadilika. Tunachouliza ni kama hofu ya adhabu inaulinda uhai huo. Tunavyoona sisi, humfunga mtu mdomo, na familia nayo huficha jambo ambalo lingepaswa kufikishwa kwa daktari mapema.

Kanisa nalo limepita njia hiyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 1240, ziliwanyima maziko ya Kikanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria za mwaka 1983 hazikuwataja tena katika orodha hiyo. Katekisimu, namba 2282, inafundisha kwamba matatizo mazito ya akili, uchungu au hofu kubwa huweza kupunguza uwajibikaji wa mtu; na namba 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wao.

Sonona si uvivu wala upungufu wa imani. Mtu hukosa usingizi, huchoka bila kazi, hupoteza hamu ya kila kitu, hujiona mzigo kwa wengine. Mwingine hushikwa na hofu ya ghafla: moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika, anadhani anakufa; baada ya dakika kadhaa inapoa, naye anabaki akiogopa kurudi kwake. Hayo ni maradhi, na yanatibika. Lakini kijana wetu, aliyefundishwa jandoni asipepese jicho mbele ya kisu, atapata wapi ruhusa ya kusema kwamba ameelemewa? Ujasiri ule tunauheshimu. Tumwongezee neno moja, kwamba kusema nako ni ujasiri.

Nabii Eliya alipoomba afe, malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, tena mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Huo ndio utaratibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Ukimwona jirani amejitenga, au anaaga na kugawa vitu vyake, mwulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari, na umsindikize siku hiyohiyo hospitali ya mji hapa Tarime. Akihitaji matibabu zaidi, atapewa rufaa. Bugando, Mwanza, kuna idara ya magonjwa ya akili.

Aje pia kwa padre. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Ila kitubio huondoa dhambi, na ugonjwa si dhambi. Kwa hiyo padre mwema atamwombea, kisha atamhimiza aende kwa tabibu, ambaye Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba ameumbwa na Bwana.

Kubadili sheria ni kazi ya Bunge, na tunaomba lisikawie. Kubisha hodi kwa jirani hakuhitaji muswada.