BUSTANI YA NCHI KAVU: Waridi la Jangwani

Apitaye katika nyika ya Kenya wakati wa kiangazi aweza kukuta mti mfupi wenye shina nene kama mtungi, usio na jani hata moja, lakini umejaa maua mekundu. Huo ndio uitwao waridi la jangwani. Wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum. Jina la kwanza latokana na Aden, mji wa Arabuni, na la pili maana yake ni mnene.

Mti huu wafaa sana mahali ambapo maji huchotwa mbali, kwa kuwa haushindani na watu wala mifugo kwa maji ya nyumbani. Hata hivyo, wengi waupandao huupoteza, na mara nyingi sababu si ukame bali ni maji. Shina lile nene ni ghala ya maji. Udongo ukikaa na unyevu siku zote, mizizi huoza, shina hulegea, na mti hufa.

Basi, lipatikane debe au chungu, litobolewe matundu chini. Changanya mafungu mawili ya mchanga wa mto wenye changarawe na fungu moja la udongo wa shamba. Udongo wa mfinyanzi haufai. Mbegu ni bora kuliko tawi, maana mti wa mbegu hunenepa shina upesi zaidi. Anayetumia tawi aliache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo alipande.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali hiyo si ya mti huu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja udongo ukauke kabisa. Majani yakipukutika wakati wa kiangazi au baridi, usidhani ni kiu. Mti umepumzika, nao wataka maji machache zaidi. Uwekwe juani mchana kutwa. Katika nchi ya milimani ulindwe na baridi kali, na sakitu isiufikie.

Jambo moja lisisahauliwe: utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo. Wahadzabe wa Tanzania huutumia katika mishale yao ya kuwindia. Kwa hiyo akataye matawi anawe mikono, asijiguse macho, wala asiwatupie mbuzi majani yake. Penye watoto wadogo, debe liwekwe mahali wasipofika.

Tena si vema kung'oa miti ya porini ili kupamba ua wa nyumba. Mti uliokatwa mizizi huweza kuoza, na pori hubaki tupu. Matunda yake hutoka mawili mawili, mfano wa pembe. Yakikaribia kukauka yafungwe kwa uzi, maana yakipasuka upepo huzipeperusha mbegu. Tunda moja latosha kumpa mtu miche ya kwake na ya jirani zake.