Lugha ya shabaha isiwe siri ya wachache

Kila kundi la watu wapendao chombo fulani huwa na mazungumzo yake, ambayo mgeni akiyasikia huona yamepita kiasi. Wachongaji wa Tabaka, kule Mugirango Kusini, waweza kumaliza nusu siku wakibishana kisu kipi kinafaa kukwangulia tumbo la kiboko wa jiwe na kipi kinafaa kutobolea jicho lake. Watoto wao nao, wakielekea mtoni, hulinganisha manati: panda la mpera ni gumu kuliko panda la mti gani, mpira wa tyubu ya baiskeli unavuta vizuri au unakatika upesi, ngozi ya kiatu kikuukuu inashika kijiwe barabara au inakiponyosha. Hayo yote husemwa kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, wala hakuna anayekwama kwa kukosa neno.

Lipo kundi jingine la Wakenya lenye mapenzi ya aina hiyo hiyo. Hawa ni wale wanaolenga shabaha kwa bunduki na bastola kama mchezo, katika viwanja maalumu kama kile cha Kirigiti, Kiambu. Nao hulinganisha vyombo vyao kwa bidii ya watoto wa manati. Tofauti ni kwamba mazungumzo yao, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ni ya Kiingereza. Mimi naona hiyo ni hasara, na hasara hiyo yamgusa hata mwalimu na mwanafunzi wa Tabaka ambaye pengine hatashika bunduki maishani mwake.

Kwanza tutazame wanalinganisha nini, maana wengi wetu hudhani mtu akipenda bunduki anapenda kuua. Mlenga shabaha huuliza maswali ya fundi. Chukua bastola mbili zijulikanazo sana duniani. Glock 17, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, ina kiunzi cha plastiki ngumu na kwa hiyo ni nyepesi. CZ 75 ya Wacheki, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1970, ni ya chuma kitupu na uzito wake hufikia kilo moja. Anayependa ya pili atakwambia kwamba uzito huo humeza mshtuo, hata mkono haurushwi juu risasi inapotoka, na kwa hiyo risasi ya pili huweza kufuata njia ya ile ya kwanza. Anayependa ya kwanza atakujibu kwamba kifyatuo chake hakibadiliki: uvutapo mara ya kwanza na uvutapo mara ya kumi, kidole chakutana na ugumu ule ule. Ubishi huu hauna mwisho, na utamu wake ni huo.

Kwa wale wa bunduki ndefu, ubishi huhusu kitako kinavyokaa begani, urefu wa mtutu, na namna ya alama za kulengea. Katika mashindano ya bunduki ya hewa, ambayo hurusha kijirisasi cha milimita 4.5 kwa nguvu za hewa iliyobanwa, mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha. Kiini chake, kile chenye alama kumi kamili, ni kitone cha nusu milimita tu. Nusu milimita! Mwalimu akitaka wanafunzi wake waelewe, na achore nukta kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vyema, kisha awaambie wasimame nyuma ya darasa waitazame. Wenye bastola ya hewa wamehurumiwa kidogo: kiini chao ni milimita 11.5, lakini wao hushika chombo kwa mkono mmoja ulionyooshwa.

Wengi wetu tuliuona mchezo huu kwa mara ya kwanza mwaka 1924? La, mwaka 2024, ingawa umekuwamo katika Olimpiki tangu Athens 1896. Katika michezo ya Paris, Mturuki mmoja wa makamo, Yusuf Dikeç, alisimama na fulana yake na miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akalenga kana kwamba anangoja basi. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walitwaa nishani ya fedha, na picha yake ikazunguka dunia nzima. Wanafunzi walimcheka na kumwiga. Ni wachache walioambiwa kwamba mkono ule mfukoni haukuwa wa maringo: wengi wa walengaji wa bastola huuficha mkono usiotumika ili mwili usiyumbe.

Sasa tuje kwenye maneno. Pengine msomaji ameona kwamba nimeeleza yote hayo bila kuhangaika sana. Kiswahili kina mtutu, kitako, kifyatuo, shabaha, kulenga. Tena kina mengine mengi ambayo tumeyasahau. Wazee wa pwani waliotumia gobore walikuwa na mdeki, kile kijiti cha kushindilia baruti. Walikuwa na fataki ya kuiwasha. Na mtambo, kwa maana ya kile chombo chote kinachofyatua. Waliita mzinga jina la nyumba ya nyuki kwa kuwa vyote viwili ni gogo lililo wazi ndani. Bastola tuliipata kwa Wareno, risasi ni neno la Kiarabu la madini yale mazito, na baruti imepita lugha nyingi za Mashariki kabla ya kutufikia.

Neno bunduki lina kisa kitamu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, bunduq, nalo lilikuwa jina la kokwa ndogo ya mviringo. Kabla baruti haijajulikana, Waarabu waliita hivyo hivyo vijiduara vya udongo ambavyo wawindaji wa ndege walivirusha kwa upinde maalumu. Baruti ilipokuja, jina likahama kutoka kijiduara hadi kwenye chombo chenyewe. Kwa hiyo mtoto wa Tabaka mwenye manati na kijiwe mfukoni yuko karibu na chimbuko la neno bunduki kuliko askari alindaye benki!

Kiingereza kilifuata njia nyingine. Kile wanachokiita raifo, kama tunavyokitamka mitaani, kilipata jina kutokana na kazi ya fundi: ile mifereji ya mzunguko inayochorwa ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka kama pia, isipotee njia. Sisi hatuna neno lililozoeleka la kuitenga bunduki yenye mifereji na ile isiyo nayo. Huita zote bunduki. Na magazeti yetu, yakitaka kuonyesha ujuzi, huandika kwamba mshukiwa alipatikana na "bastola aina ya Ceska", kana kwamba Ceska ni aina. Ukiuliza mtu wa Prague atakwambia hilo ni sehemu tu ya jina la kiwanda, nalo maana yake ni "ya Kicheki". Ni kama kuandika kwamba mwizi alikutwa na baiskeli aina ya Kihindi.

Kwa nini msamiati wetu ulisimama kwenye gobore? Sababu si ya kiisimu. Bunduki za kisasa ziliingia bara hii zikiwa mikononi mwa watu ambao hawakutaka mwenyeji azizungumzie, seuze kuzishika. Wagusii waliijua raifo kwanza kwa upande wa mdomo wake. Majeshi ya Waingereza yaliwapiga mwaka 1905 na tena mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote. Katika shule za aina hiyo mtu hafundishwi majina ya sehemu za chombo.

Upo mwezi mmoja katika historia yetu unaolieleza jambo hili kuliko kitabu kizima. Novemba 1956 Kenya ilipeleka timu yake ya kwanza katika Olimpiki, kule Melbourne, na ndani ya timu hiyo walikuwamo walenga shabaha wa bunduki. Michezo ilifunguliwa tarehe 22. Siku hizo hizo, mjini Nyeri, Dedan Kimathi alikuwa kizimbani. Shtaka lake lilikuwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini. Tarehe 27 Novemba akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa. Nchi moja, mwezi mmoja: upande huu bunduki ni mchezo, upande ule bastola ni kitanzi. Sisemi kwamba walengaji wa Melbourne walikuwa na hatia yoyote. Nasema mchezo huu ulizaliwa kwetu ndani ya ua, na lugha yake ikabaki humo humo hata baada ya ua kung'olewa.

Kuna watakaoniuliza hasara iko wapi. Wenye bunduki za mchezo ni wachache, wana fedha na wanajua Kiingereza, basi waachwe. Jibu langu ni kwamba bunduki hazikai kwenye viwanja vya mchezo pekee. Mfikirie shahidi mbele ya mahakama, mama aliyeona tukio gizani. Anaulizwa mshambulizi alikuwa na nini. Anajibu: bunduki. Ndefu au fupi? Fupi kidogo. Mkalimani anaandika neno la Kiingereza analolijua yeye, na neno hilo ndilo linaloingia kwenye kumbukumbu. Iwapo mtaalamu wa silaha atasema baadaye kwamba ganda lililookotwa ni la chombo cha aina nyingine, wakili wa utetezi atasimama na kusema shahidi ni mwongo. Hakusema uongo. Alinyimwa maneno. Na sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ambayo huzitofautisha silaha kwa aina zake, tunaisoma kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 yasema Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza.

Au tukumbuke maandamano ya vijana ya mwaka 2024. Walikufa watu kwa risasi. Katika redio na barazani watu walibishana kama zilizotumika zilikuwa risasi halisi, za mpira, au zile za kelele tu zisizo na kichwa. Kwa familia iliyofiwa, huo haukuwa ubishi wa msamiati. Hata hivyo nilisikia watangazaji wenye vyeo wakirukia Kiingereza kila walipofika hapo, na msikilizaji aliyetaka kujua mwanawe alipigwa na nini akaachwa njiani.

Najua walimu wengine watashtuka. Watasema tukianza kutaja vifyatuo na mitutu darasani tutawazoesha watoto silaha. Wasiwasi huo nauheshimu, na sitaki kabisa kuona bunduki katika uwanja wa shule, hata ya hewa. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili tayari anajua majina ya bunduki kumi za kivita, na ameyajua kutoka kwa filamu na michezo ya simu, ambako kila mlio huangusha mtu na hakuna anayezikwa. Huyo hajapata kuambiwa kwamba kuna watu hutumia mwaka mzima wakijifunza kupumua na kuvuta kidole polepole ili waguse kitone cha nusu milimita. Hajasikia habari za Károly Takács, askari wa Hungaria ambaye guruneti lilimharibu mkono wa kulia mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akapata dhahabu ya bastola London 1948 na Helsinki 1952. Kati ya elimu hizo mbili za bunduki, ile ya kwanza mtoto anayo bila ya ruhusa yetu.

Isitoshe, mwalimu mwenyewe tayari anasema lugha ya mlengaji bila kujua. Kwa miaka mingi tuliandika "shabaha ya somo" katika maandalio yetu. Siku hizi tunaandika "malengo". Maneno yote mawili yametoka kwa mtu aliyefumba jicho moja.

Ombi langu ni dogo. Wapenzi wa mchezo huu, ambao miongoni mwao wamo wasomi na mawakili, wajaribu kuendesha shindano moja kwa Kiswahili, kuanzia amri za usalama hadi kutangaza alama. Watakwama, hapo watakapokwama ndipo waandike orodha na kuileta vyuoni. Nasi walimu wa lugha tusijifungie ofisini kubuni istilahi ambazo hakuna atakayezitamka. Neno la kuanzia ni lile la mifereji ya ndani ya mtutu. Mimi ningewauliza kwanza wachongaji wa Tabaka wanaitaje mistari wanayoizungusha shingoni mwa chombo cha jiwe kabla ya kukipiga msasa. Wao huichora kila siku, na sidhani hawana jina lake.