Cheo cha Chuo na Kazi ya Mwanasheria

Ikifika Mei na Juni, vijana wetu wanaosomea sheria huko Marekani humaliza mwaka wa kwanza kati ya mitatu ya shahada yao, na waliofanya vizuri huingiwa na shauri la kuhama. Kijana amesoma mikataba, mali, jinai, madhara na mwenendo wa kesi za madai. Katika masomo mengi alama yake yote ilining'inia kwenye mtihani mmoja wa mwisho. Matokeo yametoka, naye yumo miongoni mwa kumi wa kwanza. Anafungua orodha ya vyuo inayotolewa na U.S. News, anakiona chake kiko huko kwenye sabini au tisini, na juu anaviona vile kumi na vinne ambavyo wanasheria wa nchi ile huvihesabu kama ukoo mmoja. Anasikia kwamba baadhi yake hupokea wanafunzi wa mwaka wa pili kutoka kwingine. Kabla jua halijatua, shangazi aliyeko Nakuru na baba mdogo aliyeko Tanga wamekwisha kuambiwa, nao wanauliza kijana anangoja nini.

Nawasihi wote wasimame kidogo. Cheo cha chuo, kikiwa peke yake, si sababu ya kuhama. Hama kwa ajili ya kazi unayoweza kuitaja, ambayo hapo ulipo njia ya kuifikia haipo au ni nyembamba mno, na hama ukiwa umekwisha kupiga hesabu ya gharama mpaka mwisho wake. Ukishindwa kuitaja kazi hiyo, baki ulipo.

Orodha yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. U.S. News walianza kupanga vyuo vya sheria mwaka 1987, na tangu 1990 wanapanga kila mwaka. Novemba 2022 Yale, chuo kilichozoea kukaa namba ya kwanza, kilitangaza kwamba hakitawapelekea tena takwimu zake. Harvard wakatangaza hivyo hivyo siku ile ile, na vyuo vingine vingi vikafuata. Mwaka uliofuata wenye orodha wakabadili vipimo: maoni ya wakuu wa vyuo na majaji yakapunguziwa uzito, ajira za wahitimu na kufaulu mtihani wa uwakili zikaongezewa. Vyuo kadhaa vikapanda na vingine vikashuka ngazi nyingi kwa mkupuo mmoja, hali walimu ni wale wale na madarasa ni yale yale. Mwanafunzi aliyehama mwaka mmoja kabla, kwa kukimbilia tofauti ya ngazi kumi na tano, alikimbilia nini?

Sisemi kwamba vyuo vyote ni sawa. Huo utakuwa uongo, nami sitaki kumdanganya mtoto wa mtu. Makampuni makubwa ya mawakili ya New York humlipa wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000, na milango yao iko wazi zaidi kwa waliotoka vyuo vya juu. Katika majaji tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani, wanane walisoma Harvard au Yale. Anayetaka kuwa profesa wa sheria atakuta wengi waliomtangulia walitoka katika vyuo vichache sana. Haya ni ya kweli, na mwenye nia hizo ayapime. Lakini kati ya chuo cha arobaini na cha ishirini na tano tofauti si ya namna hiyo. Vyuo vya ngazi hizo hupata heshima yao katika mji na jimbo vilimo. Mwajiri wa Ohio anawajua wahitimu wa Ohio. Ukimletea jina la chuo cha jimbo la mbali, lililo juu kidogo katika orodha, huenda lisimwambie kitu.

Jambo ambalo mwenye hamu ya kuhama hulisahau upesi ni hili: chuo cha juu kinakutaka kwa sababu wewe ni wa mbele hapo ulipo, na hilo la kuwa mbele halihamishiki. Alama za mwaka wa kwanza hutolewa kwa kuwalinganisha wanafunzi wao kwa wao, na A huwa chache. Ukihama, chuo kipya kwa kawaida huzihesabu saa zako za masomo, lakini nafasi yako darasani inabaki ulikotoka. Unaanza daftari jipya, na wanaokuzunguka wote walikuwa wa mbele makwao. Jarida la sheria la wanafunzi, ambalo waajiri na majaji huliangalia sana, mara nyingi huchagua watu wake mara tu baada ya mitihani ya mwaka wa kwanza, wewe hujafika bado. Profesa wa mikataba aliyekufahamu kwa maswali yako, ambaye angekuchukua umsaidie utafiti na kukuandikia barua yenye mambo mahususi, umemwacha nyuma. Na usaili wa makampuni makubwa, uliokuwa ukifanywa mwishoni mwa kiangazi, siku hizi umesogezwa mbele mno: mengi yanajaza nafasi zao mapema kiangazi au hata kabla, wakati vyuo vingi havijajibu maombi ya kuhamia. Kwa hiyo hata anayehama kwa ajili ya makampuni hayo anaweza kukuta mlango uliomvuta umeshafungwa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami sijapata usemi unaolingana na jambo hili kuliko huo.

Tena na tuulizane, anayekualika anapata nini? Katika vipimo vya orodha, alama za kuingilia chuo huhesabiwa kwa wale wanaoanza mwaka wa kwanza; anayeingia mwaka wa pili hayumo katika hesabu hiyo. Chuo kinaweza basi kuwabana wanaoanza ili wastani wake ubaki juu, kisha kikajaza viti mwaka unaofuata kwa wanafunzi wanaolipa ada. Georgetown, kwa mfano, kimezoea kupokea makumi ya wahamiaji kila mwaka. Hapana ubaya wala hila ndani yake, na wengi waliohamia huko wamefanikiwa. Lakini ujue kwamba mhamiaji mara nyingi hapewi punguzo la ada, na kwamba punguzo ulilokuwa nalo unaliacha. Katika vyuo vya juu ada peke yake hupita dola 70,000 kwa mwaka. Weka juu yake kodi ya nyumba ya New York au Washington.

Nataka kukaa kidogo kwa Thurgood Marshall, maana habari yake inatuhusu. Alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa karibu na kwao, lakini kitivo chake cha sheria hakikuwapokea watu weusi, basi akaenda Howard, Washington, akisafiri kwa treni kwenda na kurudi. Mama yake aliweka rehani pete zake za ndoa ili ada ipatikane. Howard hakikuwa chuo ambacho wakubwa wa nchi ile walikitazama kwa heshima. Lakini kilikuwa na Charles Hamilton Houston, mtu aliyesoma Harvard, akaja Howard na nia moja: kuwafunda mawakili watakaoubomoa ubaguzi mahakamani. Aliwabana wanafunzi wake bila huruma, akakiinua chuo mpaka kikapata idhini ya Chama cha Mawakili cha Marekani mwaka 1931. Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Miaka miwili baadaye mwalimu na mwanafunzi walisimama pamoja mahakamani, wakakishinda kile kile chuo cha Maryland, kikalazimika kumpokea kijana mweusi aliyeitwa Donald Murray. Kutoka hapo njia ilikwenda mpaka hukumu ya mwaka 1954 iliyoharamisha kuwatenga watoto katika shule za serikali, na mwaka 1967 Marshall akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama Kuu. Sisi wa huku tunamkumbuka kwa jambo jingine pia. Mwaka 1960 alikuwa London, Lancaster House, mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akina Tom Mboya, akawaandikia rasimu ya haki za raia kwa katiba ya nchi iliyokuwa inakuja.

Marshall hakuwa na hiari ya kuchagua, na simsifu aliyemfungia mlango. Ninachotaka kijana aone ni kilichomjenga: mwalimu mmoja mkali aliyemjua kwa jina, na kazi moja iliyokuwa imepangwa tangu darasani. Jiulize mwanangu, je, hapo ulipo yuko mtu wa namna hiyo? Kama yuko, umekwisha pata kitu ambacho wengi wanaolipa ada kubwa hawakipati. Kama hayuko, nenda umtafute, na hata ukihitaji kuhama ili umpate, hiyo nitaihesabu kuwa sababu.

Atatokea mtu aniambie kwamba Ruth Bader Ginsburg naye alihama. Ni kweli, na inafaa kulitazama kwa makini. Alihama kutoka Harvard kwenda Columbia mwaka 1958, kwa sababu mumewe, aliyekuwa ametoka kuugua saratani, alipata kazi New York, nao walikuwa na mtoto mdogo. Hakukimbilia cheo, kwa macho ya dunia alitoka chuo kikubwa kwenda kingine kikubwa. Aliomba mwaka wa tatu ausomee Columbia lakini shahada iwe ya Harvard, akakataliwa. Alihitimu mwaka 1959 akifungana na mwenzake katika nafasi ya kwanza. Na hata hivyo hapana kampuni ya mawakili ya New York iliyompa kazi, kwa kuwa alikuwa mwanamke, na mama, na Myahudi. Aliyemtoa ni profesa mmoja wa Columbia, Gerald Gunther, aliyemshikilia Jaji Edmund Palmieri mpaka akamchukua kuwa msaidizi wake. Majina mawili makubwa kuliko yote yalikuwa mkononi mwake, na mlango ulifunguliwa na mwalimu aliyeijua kazi yake. Nakiri kwamba mwalimu huyo alimfahamu huko alikohamia, tena kwa muda mfupi, kwa hiyo sisemi kwamba mhamiaji hawezi kujulikana. Anaweza, ila ana mwaka mmoja au miwili tu wa kulifanya hilo.

Basi wako wanaopaswa kuhama. Wa kwanza ni yule ambaye chuo chake kinayumba. Charlotte School of Law kilifungwa mwaka 2017, Florida Coastal kikafuata mwaka 2021. Aliyeondoka mapema aliokoka. Mwingine ni yule ambaye wahitimu wa chuo chake wanafeli kwa wingi mtihani wa uwakili. Mwenye mume, mke au mzazi mgonjwa mji mwingine hahitaji ruhusa yangu. Na yule anayetaka uprofesa, au kazi ya usaidizi kwa majaji wa shirikisho, akapata nafasi katika vyuo vichache vya juu kabisa, aitafakari kwa uzito wote.

Lakini wengi wa vijana wetu ninaosikia habari zao hawataki hayo. Wanataka kusaidia watu wao. Jimbo la Kentucky lina maelfu ya Wakongo wanaosema Kiswahili, wengine waliozaliwa au kulelewa kambini Nyarugusu mkoani Kigoma. Katika mahakama za uhamiaji za Marekani serikali haimlipii mtu wakili. Asiyekuwa na fedha husimama peke yake mbele ya jaji, mara nyingi kwa mkalimani. Wakili anayemsikia mtu huyo kwa Kiswahili chake ana thamani ambayo hakuna orodha inayoipima. Leseni yake ataipata kwa mtihani ule ule, msahihishaji asijue alisoma wapi. Na kijana anayefikiri kurudi nyumbani kuwa wakili ajue kwamba atapimwa kwa taratibu za nyumbani. Shule ya Sheria kwa Vitendo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zina masharti yao, na namba ya chuo katika orodha ya U.S. News haimo ndani yake.

Nanyi wazee, acheni kumpima kijana kwa jina la chuo ambalo jirani atalitambua. Deni litakuwa lake.

Kuhusu deni hilo, mambo yamebadilika na hayangojei. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imefunga mkopo wa shirikisho uliokuwa ukifidia gharama zote za wanafunzi wa shahada za juu. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, mwanafunzi wa sheria hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Waliokwisha kuanza masomo na kukopa kabla ya tarehe hiyo wamewekewa hifadhi kwa muda, lakini hifadhi hiyo imefungamana na masomo uliyokuwamo, na ukihama yaweza kukutoka. Kabla ya kulipa amana ya kiti katika chuo kipya, iandikie ofisi yake ya fedha, uulize hilo kwa maneno ya wazi, na udai jibu kwa maandishi. Angalia pia takwimu ambazo Chama cha Mawakili kinavilazimisha vyuo kuchapisha kila mwaka: wangapi walihamia, wametoka wapi, na wahitimu walikuwa na kazi gani miezi kumi baada ya kumaliza. Kisha ichukue barua ya kukubaliwa uliyopata, uende nayo kwa mkuu wa chuo chako cha sasa, umwombe kwa adabu akuongezee punguzo la ada ili ubaki. Chuo hakipendi kumpoteza mwanafunzi wake wa mbele, na mazungumzo hayo hayana gharama yoyote.