Kaizari si Mgeni Pate

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari hapa kisiwani Pate alinialika nikae darasani mwake mchana mmoja. Vijana wake walikuwa wakisoma Juliasi Kaizari, ile tanzia ya Shakespeare. "Njoo, Maalim," aliniambia. "Wao wamechoka na kitabu, na mimi nimechoka nao." Nikaenda, na niliyoyaona ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Kaizari ni jemadari wa Rumi aliyerudi mjini na ushindi, na kuna watakao kumvika taji. Wakubwa wenziwe wanaingiwa na hofu, na wengine kijicho. Cassius anamwendea Brutus, mtu mwadilifu na sahibu wa Kaizari, anamtia maneno, kisha anafanya hila ya kumtupia barua za uongo ili adhani raia ndio wanaomlilia. Brutus anakubali. Wanamwua Kaizari mchana kweupe, na mkono wa sahibu umo. Kaizari wa tarehe aliuawa mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa; tamthilia ikachezwa London mwaka 1599, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwaka huo sisi huku tulikuwa na Wareno, nao walikwisha kuanza kujenga Ngome ya Mombasa tangu 1593.

Basi nikaona nini darasani? Kila mwanafunzi ana karatasi zilizopigwa chapa: dhamira sita, sifa za wahusika, tamathali za usemi. Nikauliza, "Nani amekisoma kitabu chenyewe?" Mikono mitatu ikainuka. Kijana mmoja akanijibu kwa adabu, "Ami, mtihani hautaki kitabu, wataka majibu."

Sikumlaumu. Nami nalipokuwa na miaka kumi na saba nalisoma tanzia hii hii, na mwalimu wetu wa wakati huo, Mungu amsamehe, alituambia kuwa Waswahili hawana tanzia, wana hadithi za paukwa pakawa tu. Usiku wake nyumbani bibi yangu akatughania habari za Liyongo mpaka akalia. Sikuwa na ujasiri wa kurudi darasani kumjibu mwalimu. Neno lile nimelibeba karibu miaka arobaini.

Siku hii nikapata pa kulitua. Nikawaambia vijana wafunike karatasi zao, kisha nikauliza, "Fumo Liyongo aliuawaje?" Mikono yote ikainuka. Wakanieleza kwa zamu, huyu akimkatiza yule: kwamba mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo kwa nguvu na kwa kupendwa na watu, kwamba chuma hakikumdhuru, kwamba akamtafuta mwanawe (wengine husema mpwawe) akamwahidi cheo na mke, kwamba kijana akamchoma babake kwa sindano ya shaba kitovuni alipolala. Na kwamba Liyongo alikwenda akapiga goti karibu na kisima, mshale umo upindeni, akafa vivyo hivyo, na watu wa mji kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai.

Nikawauliza, "Na maiti ya Kaizari je?" Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akasema polepole, "Nayo ilifanya kazi. Antony aliionyesha kwa watu, wakaona majeraha, wakachoma nyumba za wauaji." Hapo darasa likafunguka. Maiti moja yafunga kisima, nyengine yatia moto mji. Wakaanza kubishana: nani mbaya zaidi, mwana wa Liyongo aliyeuza babake kwa mali, au Brutus asiyetaka mali bali aliamini anaokoa nchi? Wengi walimlaani mwana wa Liyongo. Yule binti akakataa. Alisema, "Mwenye tamaa twamjua, twajihadhari naye. Huyu mwema anayeua kwa nia njema ndiye wa kuogopwa." Mwalimu wao alinitazama, nami nikamtazama. Jibu hilo halimo katika zile dhamira sita.

Hoja yangu, basi, ni hii. Watoto wetu wasomeshwe Shakespeare, lakini akae mkekani pamoja na wenyeji, asiketishwe juu ya kiti nao wakawekwa chini. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka pale Chuo Kikuu cha Nairobi idara ya Kiingereza iondolewe, fasihi ya Afrika iwe ndiyo kitovu na nyingine zifuate. Nakubaliana nao kuhusu kitovu. Lakini kitovu cha mtoto wa Pate kiko wapi kama si Pate?

Na huyo Kaizari si mgeni hapa. Aliyesoma chuoni anajua kuwa Kaisari ndilo jina la cheo cha wafalme wa Rumi, na Sura ya Rumi anaihifadhi. Mwaka 1728 hapa hapa Pate Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, habari za Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi akautazama mji huu ulivyokuwa na majumba na wakubwa wake, na ulivyobaki magofu, akauonya moyo wake. Kijana aliyepita kwenye magofu hayo akienda shule hahitaji kuelezwa na karatasi nini maana ya ukubwa kuanguka.

La pili, kitabu kisomwe kwa sauti, na kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliifasiri tanzia hii, ikatoka mwaka 1963, kisha akaisahihisha ikatoka tena 1969. Haina vina, na sisi washairi wa pwani twaweza kuiita guni tukitaka. Lakini asili yake nayo aghlabu haina vina, na ulimi wake ni mzuri. Nalimpa yule binti maneno ya Antony akasimama kuyasoma. Alipomaliza, waliokuwa nje barazani walikuwa wamekuja dirishani.

Najua kuna wazee watakaonung'unika. Mmoja aliniambia baada ya swala ya Alasiri, "Mwanangu, wafundisha watoto hekaya za makafiri?" Nikamjibu kuwa sisi tumekua na Alfu Lela, na tulifundishwa chuoni kuwa hekima ni mali iliyompotea Muumini, aichukue popote aipatapo. Ila neno moja nalimkubalia. Brutus mwishowe anajiangusha juu ya upanga wake, na Warumi wanamsifu. Kujiua ni haramu, na mwalimu asione haya kulisema hilo wazi. Kusoma kitabu si kukifuata.

Lakini khofu yangu kubwa si Shakespeare. Yeye yuko salama, amepigwa chapa duniani kote. Khofu yangu ni bibi zetu. Bibi yangu amekwenda na mahadhi yake, na waliobaki wajuao kughani tenzi hizi usiku kucha si wengi. Watoto wale walikijua kisa cha Liyongo. Nalipowaomba beti, hata mmoja hakuwa nazo.

Enyi wazazi wa Pate, Siyu na Faza, mtoto akirudi nyumbani na Kaizari mkononi, msimpokonye. Mwambieni asome, nanyi mnasikiliza. Akimaliza, mwiteni bibi yake naye aghani. Kisha mtoto aamue mwenyewe kama Waswahili wana tanzia au hawana.